Maswali yenu: Huyu Grover Norquist hajachaguliwa hata udiwani, nguvu kaitoa wapi?

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba kule Marekani kuna jamaa anaitwa Grover Norquist ambaye kwa karatasi moja ya ahadi, kwa zaidi ya miaka 30, amewafanya wabunge wa chama cha Republican waogope kupandisha kodi kuliko wanavyoogopa kushindwa mjadala, halafu nikaendelea na mambo yangu. Basi mmenijia juu, meseji zimejaa. Nimechagua tano, zingine zinafanana.

Shikamoo mwandishi. Niko Columbus, Ohio, nafanya kazi ghala, na wenzangu wakianza kubishana siasa hilo jina halikosekani. Huyu mtu ni waziri, ni seneta, ni nani hasa? (Mama wawili, Columbus)

Marahaba mama. Si waziri, si seneta. Ni mwanaharakati tu, kazi yake ni kodi, asubuhi kodi jioni kodi.

Kazaliwa 1956 Pennsylvania, kakulia Weston, Massachusetts, mtoto wa familia yenye nafasi, baba yake alikuwa mkubwa kwenye kampuni ya kamera ya Polaroid. Kuna stori anaipenda sana kuisimulia, kwamba wakitoka kanisani baba anawanunulia watoto aiskrimu, halafu kabla hajawapa anaing'ata, anasema hii kodi ya mapato, anang'ata tena, hii kodi ya mauzo, mpaka mtoto anaipokea imebaki nusu. Mimi huwa najiuliza mama yao alikuwa anasema nini muda huo wote, lakini somo liliingia. Akiwa na miaka 12, mwaka 1968, alishaanza kujitolea kwenye kampeni ya urais ya Nixon. Baadaye akaenda Harvard, akachukua digrii mbili, ya pili ya biashara.

Mwaka 1981 akaingia uongozi wa College Republicans, umoja wa vijana wa chama vyuoni, pamoja na Jack Abramoff na Ralph Reed. Yashike hayo majina, Abramoff nitamrudia. Kisha 1985 akaanzisha Americans for Tax Reform, mwenyewe anasema ni Reagan, rais wa wakati ule, aliyemwomba, na ofisi hiyo ndiyo anaiongoza mpaka leo. Watu wa rika lake wamehama kazi mara kumi, yeye yuko palepale.

Kaka, mimi sielewi. Karatasi tu inamtishaje seneta? Huku kwetu wanasiasa wanaahidi maji, barabara, zahanati, na hakuna anayekosa usingizi. (Mwanachuo, Moshi)

Swali zuri mdogo wangu, na hapa ndipo utamu wote ulipo kwa hiyo nivumilie.

Mwaka 1986 Reagan alipitisha mageuzi makubwa ya kodi. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishushwa kutoka asilimia 50 hadi 28, na kwa kubadilishana wakaziba mianya mingi ya misamaha. Wahafidhina wakaingiwa na wasiwasi: mianya ikishazibwa, nani atawazuia kesho kupandisha kiwango tena? Wewe umeshatoa kila ulichokuwa nacho. Norquist akaja na karatasi fupi sana, ina mambo mawili tu. Moja, nitapinga kila jaribio la kupandisha viwango vya kodi ya mapato, ya mtu au ya biashara. Pili, nitapinga kufutwa kwa misamaha isipokuwa viwango navyo vishuke dola kwa dola. Basi. Hakuna kurasa 40 za ilani.

Sasa angalia ufundi wake. Ile ahadi mgombea haitoi kwa Norquist, anaitoa kwa wapiga kura wa jimbo lake, kwa maandishi, na mashahidi wawili wanasaini. Ni kama unavyouza kiwanja mbele ya mwenyekiti wa mtaa, huwezi kuja kesho kusema nilikuwa natania. Halafu haina tarehe ya kuisha, umesaini 1990 ukiwa kijana mwenye nywele, 2012 una kipara bado inakuhusu. Zile karatasi halisi anazifungia kwenye sefu isiyoungua moto. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na huyu ni mtu wa daftari. Mbunge akipotoka, daftari linafunguliwa, wapiga kura wake wanaoneshwa sahihi yake na uchaguzi wa mchujo wa chama unafuata, hapo anatokea mpinzani mwenye karatasi safi.

Mfano wa kwanza mkubwa ulikuwa New Hampshire, Februari 1988, kwenye mchujo wa Republican wa kumpata mgombea urais. Bob Dole alikuwa ametoka kumpiga George Bush mkubwa kule Iowa, yuko juu. Kwenye mdahalo mgombea mwenzao Pete du Pont akachomoa ile karatasi akampa Dole, saini hapa hapa. Dole akajibu kwamba ni lazima aisome kwanza. Jibu la mtu mzima kabisa ukiniuliza mimi, lakini katika jimbo linalochukia kodi kama lile lilimponza, Bush alikuwa ameshasaini, Bush akashinda, na safari ya Dole mwaka ule haikupona tena. Kisha Bush kwenye mkutano mkuu wa chama akawaambia watu wasome midomo yake, hakuna kodi mpya. Mwaka 1990, akiwa rais, akakubaliana na chama pinzani cha Democrats, kiwango cha juu kikatoka 28 kwenda 31. Mwaka 1992 Clinton akamwondoa. Kuna sababu zingine bwana, uchumi ulikuwa umeyumba na mgombea binafsi Ross Perot alikula kura nyingi, lakini Norquist ameitumia stori ile miaka yote kama bibi anavyotumia stori ya zimwi kulaza watoto.

Ana mfano wake mwingine, mchafu kidogo lakini unaeleweka. Anasema Republican anayepigia kura kodi ni kama kichwa cha panya ndani ya chupa ya Coke: anayekikuta hamlaumu panya, anaacha kununua Coke. Kwa hiyo yeye anajiona analinda jina la bidhaa, na mtu mmoja akichafua wamechafuka wote.

Kabla ya uchaguzi wa 2012 karibu wabunge wote wa Republican, asilimia kama 95, walikuwa wamesaini. Mwaka mmoja nyuma, Agosti 2011 kule Iowa, wagombea urais wanane wa chama waliulizwa jukwaani kama wangekubali dili la kupunguza matumizi dola 10 kwa kila dola moja ya kodi mpya. Wote wanane wakanyoosha mikono kuikataa. Dola kumi kwa moja! Mtu ambaye hakuwa hata jukwaani ndiye alikuwa anaendesha ile mikono.

Bwana mwandishi, mzee wetu mmoja aliyefanya kazi Kamina zamani anasema watu wa Washington walikuwa wanapita Afrika kumsaidia Savimbi, na Norquist alikuwemo. Ni kweli ao ni maneno? (Msomaji, Lubumbashi)

Ni kweli, na asante kwa kuleta hili maana Wamarekani wenyewe wengi hawalijui. Miaka ya 80 Norquist alikuwa upande wa UNITA, waasi wa Angola, akaenda mpaka kwa kiongozi wao Jonas Savimbi msituni, akawa kama mshauri wake wa mambo ya uchumi. Enzi zile Washington ilikuwa inasaidia waasi wowote waliopigana na serikali iliyoegemea Moscow, na serikali ya Angola, ya chama cha MPLA, ilikuwa na wanajeshi wa Cuba, wakati Savimbi alikuwa na makaburu wa Afrika Kusini mgongoni. Mzee wako ana kumbukumbu nzuri, silaha za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kwenda UNITA zilipitia uwanja wa Kamina pale kwenu, enzi za Mobutu.

Hapa mimi sina la kumpamba. Vita ile iliisha Savimbi alipouawa Februari 2002, baada ya miaka 27 na laki kadhaa za watu wamekufa. Mtu anayesema serikali isinyooshe mkono mfukoni mwangu alikuwa anaona sawa kabisa serikali yake inyooshe mkono mpaka Angola, kwa hela za hao hao walipa kodi. Nimesoma maelezo yake mengi na hapo bado napaona pana tundu.

Mnasema ni libatariani. Hicho si chama chake peke yake? Mbona yuko Republican na walokole? (Fundi, Morogoro)

Fundi, chama kipo, Libertarian Party, kilianzishwa 1971, na rekodi yake ya juu kwenye urais ni 2016, Gary Johnson alipata kura kama milioni 4.5, asilimia tatu na kidogo. Kwa mfumo wa kule wa mshindi anabeba vyote, asilimia tatu haikupi hata kiti cha mlinzi. Norquist alishapiga hesabu hiyo mapema: bora uwe sauti moja ndani ya nyumba kubwa kuliko uwe mwenye nyumba ya chumba kimoja porini.

Imani yao libatariani kwa kifupi ni kwamba serikali iniache. Iniache kwenye hela yangu, iniache kwenye bunduki yangu, na wengine wanaongeza iniache kitandani kwangu. Mwaka 2001 kwenye redio alisema hataki kuifuta serikali, anataka tu kuipunguza mpaka ifikie saizi ya kuiburuta bafuni na kuizamisha kwenye beseni la kuogea. Maneno haya wapinzani wake wanayo mpaka leo, hayajawahi kumtoka.

Sasa walokole wameingiaje? Yeye anasema kundi lake ni la watu ambao kila mmoja ana kitu kimoja anachotaka aachiwe. Mwenye bunduki anataka bunduki, anayefundisha watoto wake nyumbani anataka watoto wake, mwenye duka anataka asibanwe na makaratasi, mtu wa dini anataka imani yake. Hawapendani lazima, ila hakuna anachotaka mmoja kinachomnyang'anya mwenzake. Kila Jumatano anawakusanya ofisini kwake, alianza 1993 wakipanga kuua mpango wa afya wa Clinton, siku hizi wanafika watu zaidi ya mia, mabosi wa taasisi, wasaidizi wa wabunge, wakati mwingine watu wa Ikulu, na kinachosemwa mle hakinukuliwi nje.

Ukimtazama vizuri ulibatariani unamtoka hata pale chama hakipendi. Ametetea uhamiaji, amesaini harakati za kupunguza watu kujazana magereza kwa hoja kwamba jela nayo ni hela ya walipa kodi, na ushuru wa forodha alishasema wazi kwamba ni kodi kama kodi nyingine. Mke wake ni Muislamu mwenye asili ya Palestina, na kuna wenzake wa mrengo wa kulia waliomsakama kwa ukaribu wake na Waislamu baada ya 2001, wakamwita kila jina. Hakuhama. Ah, na 2014 alikwenda Burning Man, lile tamasha la jangwani Nevada wanakotembea watu nusu uchi, mzee wa miwani na ndevu zake. Alirudi akasifia.

Unamsifia mno. Kodi zisipopanda nani analipa? Na hizo hela za ofisi yake zinatoka wapi? (Mhasibu, Mombasa)

Dada mhasibu, nilikuwa nakusubiri wewe.

Hela kwanza. Ofisi yake kisheria haidaiwi kutaja wafadhili wake hadharani, na ndiyo hivyo, wanaofaidika kodi zikishuka huwa wana uwezo wa kuchangia. Na Abramoff, yule rafiki wa tangu vyuoni, alikuja kukiri makosa ya rushwa na utapeli 2006 akafungwa. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na John McCain iliandika kwamba hela za makabila ya Wahindi Wekundu, wateja wa Abramoff, zilipitishwa kwenye ofisi ya Norquist kabla ya kwenda kwingine. Norquist alikana kufanya kosa na hakushtakiwa. Mimi naacha hapo, wewe ni mhasibu, unajua hela inayopita tu huwa inaacha nini.

Sasa nani analipa. Ile karatasi inafunga mlango mmoja tu, wa kodi. Haisemi chochote juu ya matumizi wala kukopa! Kwa hiyo mbunge anaweza kusaini asubuhi, mchana akapitisha ndege za kivita na barabara, jioni akakopa, na daftari likasoma safi. Ndiyo kukopa harusi kulipa matanga. Deni la serikali ya Marekani 2025 lilishapita dola trilioni 36. Norquist anajibu kwamba hela zikikosekana serikali italazimika kupungua yenyewe, lakini imepungua lini? Kodi za kampuni zilishuka 2017 kutoka asilimia 35 hadi 21, ushindi wake mkubwa, matumizi yakaendelea kupanda kama kawaida.

Jimbo haliwezi kukopa hivyo, ndiyo maana Kansas ilionekana haraka. Gavana Sam Brownback alikata kodi kwa kishindo 2012, wanaharakati wa mrengo huu wakashangilia, mapato yakaporomoka, shule zikaanza kulia, na 2017 bunge la jimbo, lililojaa Republican, likapandisha kodi tena na kuipiku kura ya turufu ya gavana wao wenyewe.

Na hata Washington karatasi ilishapinda. Usiku wa kuamkia 2013 punguzo za kodi za Bush mdogo ziliisha saa sita kamili, kwa hiyo kisheria kodi za kila mtu zikapanda. Wabunge wakapiga kura baada ya saa sita kuzirudisha punguzo kwa karibu wote, isipokuwa wenye kipato kinachozidi dola 400,000, au 450,000 kwa wanandoa. Matajiri wakalipa zaidi kuliko Desemba. Ofisi ya Norquist ikatangaza kwamba aliyepiga kura ya ndiyo hajavunja ahadi, maana saa ile kodi zilikuwa zimeshapanda, yeye amezishusha.

Dada, ukiniletea hesabu za namna hiyo nakurudishia faili.