RSA ya kujifunzia: kwa nini Python inakataa kutoa d?

Swali: Najifunza nadharia ya namba na usimbaji kupitia intaneti, sina mwalimu. Nimejaribu RSA (usimbaji wenye ufunguo wa wazi, n na e, na wa siri, d) kwa namba tasa p = 11, q = 13 na e = 3, lakini pow(3, -1, 120) ya kutafuta d inaleta kosa. Nimekosea wapi? Na je, nimalize kwanza nadharia ya namba yote?

Jibu: Python iko sahihi, hiyo d haipo. n yako, yaani p × q, ni 143, na (p − 1)(q − 1) ni 10 × 12 = 120. Ili d ipatikane, KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya e na 120 lazima iwe 1. Ya 3 na 120 ni 3. Usiishie kukariri sharti hilo, chukua kalamu uone madhara yake. Vipeo vya tatu vya 22, 55 na 66 ni 10,648, 166,375 na 287,496. Gawa kila kimoja kwa 143: vyote vinabakiza 66. Mpokeaji akipata 66 atajuaje ulituma ipi? Ukitaka e = 3, tafuta namba tasa ambazo ukizipunguza 1 hazigawanyiki kwa 3. 13 haifai, maana 12 inagawanyika.

Weka e = 7. 120 = 17 × 7 + 1, kwa hiyo 1 = 120 − 17 × 7, na kinyume cha 7 ni −17. Hapa wengi huteleza, wanaandika 17 na kuiacha alama ya kutoa. Jumlisha 120 upate d = 103. Hakiki: 7 × 103 = 721 = 6 × 120 + 1. Sasa simba 9 kwa pow(9, 7, 143), utapata 48. pow(48, 103, 143) inakurudishia 9.

Ujumbe lazima uwe mdogo kuliko n: ukisimba 200 hapa, itarudi 57. Tumia // badala ya /, kwa sababu / huleta desimali na tarakimu za mwisho za namba kubwa hupotea. Wala usiandike m**d % n (m ni namba unayoikokotoa). d ikiwa na biti 2,048, hakuna kumbukumbu ya kompyuta itakayobeba m**d. pow(m, d, n) huchukua baki kila hatua.

Nadharia yote huihitaji kwanza. Kwa RSA inatosha kanuni ya Euclid ya kutafuta KKS (pamoja na njia ya kurudi nyuma kama hapo juu), hesabu za baki, Fermat na Euler, kisha nadharia ya Wachina ya mabaki. Kitabu cha Victor Shoup cha nadharia ya namba kinapatikana bure kwenye tovuti yake, ila ni kizito. Kisome sura unayoihitaji tu. Mazoezi fanya kwenye tovuti ya CryptoHack, kwa Python. Tovuti ya Cryptopals ni nzuri pia, lakini huanza na mambo ya baiti na XOR, namba tasa huja baadaye sana.

Zoezi la kuanzia: n ya biti 2,048, e = 3, ujumbe wa baiti 80 bila kujazia chochote. Baiti 80 ni biti 640, kipeo chake cha tatu hakizidi biti 1,920, yaani n haikuguswa kabisa. Adui anatafuta kipeuo cha tatu tu. Ukijaribu kwa ** (1/3) utapata takataka au kosa. Andika utafutaji wa kugawa nusu kwa namba kamili.