Meli ikishusha hawa na kupakia wale

SWALI: Asalaam alaikum. Binti yangu kanilipia safari mbili mfululizo za meli ya kitalii kutoka Miami, chumba kilekile. Katikati meli inarudi bandarini kubadilisha abiria. Nifungashe? Nisije nikaachwa!
Mama wa Mkunazini, Unguja

JIBU: Waalaikum salaam mama yangu, na shikamoo. Huachwi, wala hufungashi. Nilikuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli hizo kabla sijarudi nyumbani. Nguo ziache kabatini. Chukua pasipoti, kadi ya chumba na dawa zako.

Usiku wa mwisho utaona masanduku yamepangwa nje ya milango. Lako usilitoe kabisa, litateremshwa pamoja na ya wanaoondoka! Asubuhi nyinyi mnaoendelea mtakusanywa pamoja, mtashuka kwa maofisa wa uhamiaji, kisha mtasubiri hadi abiria wote wawe wameshuka. Mnarudi kabla ya wageni wapya. Kusubiri huko kunachosha, basi kama magoti yanakusumbua, omba kiti cha magurudumu siku moja kabla. Hesabu ya matumizi yako ya safari ya kwanza inafungwa, na zoezi la dharura mnalirudia.

Chumba kiache mapema, tafadhali. Siku hiyo mhudumu hapati hata nafasi ya kumeza mate: mashuka, taulo, choo, chumba baada ya chumba, na wageni wanaanza kupanda kabla ya adhuhuri.

Kubwa kuliko yote ni viza. Meli ikirudi Miami unahesabiwa kuingia Marekani upya, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi. Mwambie binti yako aikague leo.