AC ya Premio inatoa joto na gesi imejazwa mara mbili: shika bomba kwanza kabla hujalipa tena

Ndugu mwenye Premio ya 2002, pole sana. Umesema gesi imejazwa mara mbili ndani ya miezi miwili, siku nyingine inapoa vizuri siku nyingine inakupulizia joto, ukifungua swichi unasikia tik tik tik nyuma ya droo ya mbele ya abiria, na sasa fundi anakuambia kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, imekufa. Ssebo (bwana), usinunue kompresa bado. Hiyo tik tik ndiyo inakuambia ugonjwa ulipo, mimi niliisikia karibu mwaka mzima kwenye gari yangu bila kuielewa na ilinila pesa.

Naendesha gari ya kukodi, Premio ya 2003, safari zangu nyingi ni Kampala, Mbarara mpaka Kabale. Ilianza hivi: nafika Lyantonde saa saba mchana jua limesimama kichwani, nimeweka AC nyuzi 18, hewa inatoka vuguvugu, abiria wanafungua vioo, vumbi la malori lote linaingia kwetu. Kesho yake alfajiri niko Kabale, baridi ile mnaijua, kioo cha mbele kimejaa ukungu sioni hata boda iliyo mbele yangu, naweka 32 kioo kikauke, inatoka vuguvugu ile ile. Hapo ndipo ningeshtuka, manake gesi ikipungua inakunyima baridi tu, joto la hita linatoka kwenye maji ya moto ya injini, halihusiani na gesi kabisa. Gari ikikunyima baridi na joto vyote viwili, mara nyingi tatizo liko kwenye kinachogawa hewa. Sikushtuka. Nikalipa gesi, ikapoa siku tatu, nikaamini, ikarudi, nikalipa tena.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi umeme pale Mbarara. Hata geji, kile kipimo cha presha ya gesi, hakutoa. Aliniambia niache injini inanguruma, AC kwenye 18, feni juu kabisa, tukangoja kama dakika tano, akafungua boneti akashika yale mabomba mawili ya alumini yanayoingia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Akachukua mkono wangu akauweka kwenye lile nene (chunga mkono wa shati usinaswe na feni au beliti). Lilikuwa baridi kama chupa ya soda imetoka kwenye friji, limelowa, matone yanadondoka. Akasema, "Baridi ipo, haikufikii tu."

Yani hewa yote inapita kwanza kwenye evaporeta, kile kipozeo kilicho ndani ya dashibodi, inapoa, halafu inakutana na kibao cha plastiki ndani ya dashibodi. Kikiegemea upande huu hewa inakuja kwako baridi, kikiegemea ule inapita kwenye hita kwanza. Kibao hicho kinasukumwa na mota ndogo wanaita servo, na tik tik unayosikia ni meno yake yanateleza, mota inazunguka mkono wake unaosukuma kibao hauendi. Siku kibao kikikwama upande mzuri unapata baridi unadhani ni gesi mpya imefanya kazi.

Kwa hiyo anza na bomba. Kama bomba nene ni la moto au la kawaida tu, basi ndiyo, twende kwenye gesi na kompresa, na hapo fundi akuonyeshe geji: kwa R134a, ile gesi ya AC ya gari kama hizi, injini ikiwa kwenye mizunguko kama 1500 kwa dakika unataka baa 1.5 mpaka 2.5 upande wa chini na kama 14 mpaka 16 upande wa juu. Na gesi haitumiki kama petroli, imeisha ndani ya miezi miwili manake inavuja, mtu akijaza bila kutafuta tundu anakuuzia hewa. Lakini bomba likiwa baridi na limelowa, achana na gesi.

Hatua ya pili ni bure kabisa na wengi hawaijui. Toyota nyingi za miaka hiyo zenye kitufe cha AUTO zinajipima zenyewe. Bonyeza AUTO pamoja na kile cha hewa ya ndani, chenye mshale uliojikunja, shikilia vyote viwili huku unafungua swichi mpaka ON. Taa za paneli zitawaka na kuzima mara 4, halafu namba zinakuja kwenye kioo cha paneli ya AC, unatoka kwa OFF. 00 ni mzima. 11 ni sensa ya joto la ndani, 12 ya nje, 13 ya evaporeta, 31 na 41 ni habari za huyo servo wa kuchanganya hewa. Mimi ilikuja 41. Pima juani tafadhali, kwenye kivuli au gereji yenye giza itakuletea 21 ambayo ni sensa ya jua, na nimeona mtu ananunua sensa nzima kumbe gari ilikuwa chini ya mwembe tu. Pia ondoa lile zulia la manyoya juu ya dashibodi kama unalo, sensa hiyo iko chini yake inalala gizani.

Ikija 12 na gari iliwahi kugongwa mbele, angalia nyuma ya bampa, mara nyingi waliopiga rangi wameacha plagi inaning'inia, gari inadhani nje kuna barafu na inaweza kukataa kuwasha kompresa. Ikija 11, tafuta kidirisha kidogo chenye matundu karibu na usukani, weka AUTO, sogeza kipande kidogo cha karatasi ya choo, inatakiwa inase pale yenyewe kwa kuvutwa. Isiponasa, kuna vumbi au mpira wa nyuma umechomoka.

Andika namba kabla ya kugusa betri, ukichomoa zinafutika. Halafu chomoa waya wa nega wa betri, ngoja sekunde 90 au zaidi, manake juu ya droo kuna airbag ya abiria, waya zake za njano usiziguse. Toa droo. Ukiwa hapo vuta na filta ya hewa ya AC, yangu niliipata imejaa mabawa ya nsenene (panzi wale wa kuliwa) na majani, kumbuka naegesha Masaka usiku chini ya taa na Novemba ndiyo msimu wao. Servo yangu ilishikwa na skrubu 3. Kabla ya kulaumu servo sukuma kibao kwa kidole, kikienda laini mwanzo mpaka mwisho kiko sawa, kikigoma kuna kitu kimeangukia ndani, kwa wengine ni kalamu. Changu kilienda laini. Nikafungua servo, gurudumu dogo jeupe la plastiki, meno mawili hayapo, grisi imekauka nyekundu kama murram, ule udongo wa barabarani.

Nilipata servo ya mtumba Kisekka, soko la vipuri pale Kampala. Nenda na ile mbovu, linganisha namba ya kwenye stika herufi kwa herufi, na patana na muuzaji uchomeke kwenye gari yako kabla hujalipa, rudisha betri, swichi ON, peleka 18 mpaka 32 na urudi, mkono uende njia yote bila kuruka. Ndipo ufunge skrubu.

Fanya la bomba leo, halafu uniandikie namba iliyokuja na tik tik iko upande gani wa droo, upande wa injini au upande wa usukani, nikuelekeze skrubu ya kuanza nayo.