Viinitete "wanauawa" au "vinaharibiwa"?

SWALI: Nimesoma makala mbili kuhusu utafiti wa seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Moja imeandika "viinitete wanauawa maabara" na kuuita utafiti huo "utoaji mimba wa kisayansi". Nyingine imesema "viinitete vinaharibiwa". Ipi sahihi?

JIBU: Kiinitete ni hatua ya mwanzo kabisa ya ukuaji, yai linapoanza kugawanyika. Upatanisho wake sahihi ni wa ki-/vi-: kiinitete kinakua, viinitete vinakua. Aliyeandika "wanauawa" naelewa alikotaka kufika. Tunasema kiongozi amefika, kifaranga anadonoa, kwani mtu na mnyama huchukua a-/wa- hata jina likianza na ki-. Mwandishi anaamini kiinitete ni mtu, akaitwisha sarufi kazi ya kulisema hilo. Lakini hata kijusi, hatua inayofuata kiinitete, chenye mikono na miguu tayari, tunasema kinakua. Wala vi- haikani uhai: mti unakauka, seli inakufa, na vyote viwili vilikuwa hai.

Ugomvi wenyewe uko kwenye kitenzi. Katika kunakili seli kwa ajili ya tiba, kiini cha seli ya mgonjwa huingizwa kwenye yai lililoondolewa kiini chake. Kiinitete kinachopatikana hukuzwa maabara siku 5 au 6, kisha seli za ndani huchukuliwa ili kupata seli shina, na chenyewe hakiendelei tena. Anayesema "vinauawa" yuko upande wa Kanisa Katoliki, linalotaka uhai wa binadamu uheshimiwe tangu mwanzo wake. Anayesema "vinaharibiwa" yuko karibu na sheria ya Uingereza ya mwaka 1990, inayoruhusu utafiti hadi kiinitete kifikishe siku 14. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huanza kwa kuuliza roho hupulizwa lini, na kauli mashuhuri ni siku ya 120 ya mimba.

"Vinauawa" ni Kiswahili safi. Dawa huua vijidudu na hakuna anayelalamika. Ila kwenye taarifa ya habari ningelimpa neno hilo mwenyewe: "wanaopinga wanasema viinitete vinauawa." Mwandishi akisema kwa kauli yake, "hufa" linatosha: "seli zikishachukuliwa, kiinitete hufa." Mtafiti na padri wote watalikubali, kwa kuwa halimhukumu mtu.

"Utoaji mimba" ndilo kosa lisilo na utetezi. Mimba hubebwa, na lazima awepo mama anayeibeba. Kiinitete hiki hakijapandikizwa kwenye tumbo la mtu yeyote.