Maswali Yenu: Yule Mama wa Annalise Alikula Nini?

SWALI: Dada, salamu kutoka Walukuba, Jinja. Binti yangu mkubwa ameacha kazi ya ofisini ili aigize. Mimi ni mlokole. Nimelia, nimeomba, nimenyamaza. Kila nikifungua mdomo ananitajia yule bibi mwembamba, mama wa Annalise katika tamthilia ya Marekani How to Get Away with Murder, ati naye mwigizaji huyo mama yake alimkatalia. Ni kweli? Na hawa watu wakikosa kazi hula nini?
Mama wa Walukuba

JIBU: Ni kweli, mama, tena binti yako amekupunguzia. Huyo ni Cicely Tyson, aliyezaliwa New York Desemba 1924, wazazi wake wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis. Mama yake alikuwa mtu wa kanisa hasa. Cicely alikuwa karani wa Msalaba Mwekundu. Akaiacha mashine ya taipu, akawa mwanamitindo, kisha akaingia kwenye uigizaji. Mama akamfukuza nyumbani. Walikuja kupatana, lakini ilichukua muda.

Sishangai. Nimekulia kambi ya polisi Nsambya, Kampala, na pale mwanamke aliyepanda jukwaani aliitwa malaya hata kama ameigiza Bikira Maria. Ilibidi watu wamwone Rose Mbowa, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, akiwa jukwaani ndipo baadhi ya wazee wetu wakapunguza sauti.

Lakini swali lako la chakula ndilo linalonipendeza. Wanaomsifu Cicely hupenda kusimulia jinsi alivyokataa kazi, na hawaulizi sufuria ilikuwa na nini.

Mwaka 1961 alikuwa katika The Blacks, mchezo uliochezwa New York kwenye ukumbi mdogo nje ya Broadway, yaani nje ya zile kumbi kubwa za maigizo, pamoja na James Earl Jones na Maya Angelou, wote bado wanatafuta njia. Miaka miwili baadaye televisheni ikamchukua: East Side/West Side, kama katibu katika ofisi ya ustawi wa jamii. Alitokea na nywele zake za asili, fupi, na Marekani nzima ikazizungumzia. (Sisi tuliosoma shule za Uganda tukinyolewa kila muhula tutacheka, ila kule mwanamke mweusi kwenye kioo alitakiwa awe amenyoosha nywele.)

Halafu ikaja filamu ya Sounder, 1972, iliyompa uteuzi wa Oscar. Wakati wa kuitangaza, mwandishi mmoja mzungu alikiri kwamba ilimshangaza kusikia mtoto mweusi akimwita baba yake kwa neno lilelile ambalo mwanawe mwenyewe humwita yeye. Cicely aliamua hapo kwamba hatacheza tena sehemu yoyote inayowadhalilisha watu wake. Hebu fikiria mwigizaji mweusi wa wakati ule akisema hivyo: kazi nyingi alizokuwa akiletewa zilikuwa za aina hiyohiyo.

Kilichomlisha, kwa sehemu kubwa, ni televisheni. Mwaka 1974 aliigiza Miss Jane Pittman, mwanamke aliyezaliwa utumwani, tangu ujana hadi umri wa miaka 110, akapata tuzo mbili za televisheni za Emmy kwa kazi hiyo moja. Mwaka 1977 akawa Binta, mama yake Kunta Kinte, katika Roots, tamthilia ya habari za utumwa. Mwaka 1994 Emmy nyingine. Jukwaa la Broadway, ambalo binti yako pengine analiota, hakulikanyaga kati ya 1983 na 2013. Miaka 30!

Aliporudi alikuwa na miaka 88. Mchezo ni The Trip to Bountiful, habari za mama mzee anayetoroka kutoka nyumbani kwa mwanawe ili akakione tena kijiji chake. Alipoimba wimbo wa kanisani, “Blessed Assurance”, watazamaji waliimba naye kana kwamba ni ibada ya Jumapili. Hapo ningependa ungekuwepo. Alichukua Tony, tuzo ya michezo ya Broadway, na mwaka uliofuata mchezo ukapelekwa kwenye televisheni, yeye akiwa palepale. Alifariki Januari 2021, siku mbili baada ya kitabu cha maisha yake kutoka.

Kwa hiyo binti anapokutajia Cicely, muulize mambo mawili. Kwanza, kazi ya televisheni ameiomba wapi? Chaneli za Pearl Magic zinarusha tamthilia za Uganda, na redio za Jinja zinahitaji sauti za matangazo. Akijibu kwamba yeye ni wa jukwaa tu, hajamsoma huyo anayemtaja. Pili, ni kazi gani atakayoikataa hata mfuko ukiwa mtupu? Asipokuwa na jibu, mpe muda.

Usimtoe nyumbani. Kikundi chao kikicheza hapo Jinja, nenda, lipa kiingilio, kaa mbele. Sijasikia kanisa linalomkataza mlokole kununua tikiti.