Boksi la TV au kompyuta ndogo sebuleni: jibu langu kwa mwenye diski ya TB 2

Mkuu, umeeleza hali yako vizuri: TV ya inchi 43 isiyo smart, diski ya nje ya TB 2 yenye video za harusi, kaswida, katuni za watoto na filamu, bando la wastani, na hela ya kununua kimoja tu, ama boksi la TV (kifaa kidogo cha kuchezesha video kwenye TV) ama kompyuta ndogo ya mtumba ya kuunganisha sebuleni. Waliotangulia kukujibu wamebishana sana kuhusu RAM. Mimi nimeishi na vyote viwili hapa nyumbani Tanga kwa miaka, na ushauri wangu nautoa mapema: nunua boksi, ila si boksi lolote. Sababu nazieleza kwa kirefu, maana hali ya msomaji mwingine ikitofautiana kidogo na yako, jibu linageuka.

Jiulize kwanza nani atakiwasha usipokuwepo. Kompyuta ya sebuleni mikononi mwangu ilikuwa raha tupu. Folda nilizipanga nitakavyo, maandishi ya tafsiri nikiyatafuta hapohapo, na video iliyogoma kwenye programu moja nikiifungua kwa nyingine. Lakini mama akitaka kaswida zake saa kumi jioni anakutana na Windows inayodai nywila, au inayojisasisha, na kipanya kimepotelea chini ya mito ya kochi. Anaizima na kurudi kwenye king'amuzi. Boksi lenye rimoti ya vitufe vichache alilizoea siku ileile, na tangu hapo hajaniita. Kwangu jambo hilo lina uzito kuliko prosesa yoyote.

Maboksi mengi mazuri pia yanaelewa HDMI-CEC, yaani rimoti ya TV inaliendesha boksi kupitia waya uleule wa HDMI, na ukiwasha boksi TV nayo inaamka. Angalia kama TV yako inayo. Kila kampuni huiita jina lake kwenye mipangilio. Kompyuta hizi ndogo za ofisini kwa kawaida hazina kitu hicho. Itabidi ununue kibodi isiyo na waya, au adapta ya USB ya kuongeza CEC, ambayo kwa huku ni ya kuagiza.

Sasa tuje kwenye picha, ambako watu wanapoteza hela. Video nyingi unazopata leo zimebanwa kwa mbinu ya H.264 au HEVC, ambayo wengine wanaiita H.265. HEVC inapunguza ukubwa wa faili hadi kukaribia nusu huku ubora ukibaki karibu uleule, ndiyo maana mafaili yake yamejaa kila mahali. Kuifungua, hata hivyo, ni kazi nzito. Kifaa kinahitaji sehemu maalumu ndani ya chipu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kisipokuwa nayo, prosesa inabebeshwa mzigo wote, feni inalia, na picha inakwamakwama.

Kwa hiyo muuzaji wa mtumba akikwambia "hii ni Core i5, kali", mwulize ni ya kizazi cha ngapi. Kwenye prosesa za Intel za miaka hiyo unasoma tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-4590T ni kizazi cha 4, i5-7500T ni cha 7. Kizazi cha 6, kilichotoka 2015, kinafungua HEVC ya biti 8 (rangi za kawaida). Cha 7 kinafungua ya biti 10 (rangi nyingi zaidi) na VP9, mbinu nyingine ya kubana video inayotumiwa sana na YouTube. AV1, mbinu mpya kuliko hizo, imeanza kupatikana kizazi cha 11. Core i5 ya kizazi cha 3 ikiwekewa filamu ya 4K ya HEVC itaaibishwa na kiboksi kidogo kinachoenea kiganjani, hata ukiijaza RAM ya GB 16. Kwa kompyuta ya sebuleni mimi sishuki chini ya kizazi cha 7.

Hapo kuna tatizo jingine. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya Windows 10 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 na kuendelea, ukiacha chache mno za kizazi cha 7. Mashine nyingi za bei nafuu zipo chini ya hapo. Na usisahau kwamba Windows Media Center, ile sura ya sebuleni tuliyoifaidi kwenye Windows 7, iliondolewa Windows 10 ilipotoka mwaka 2015. Anayenunua kompyuta kwa ajili ya TV peke yake namshauri aachane na Windows, aweke LibreELEC. Ni mfumo mwepesi wa bure unaowaka moja kwa moja ndani ya Kodi, programu ya kuchezesha video iliyozaliwa kwenye Xbox kwa jina la XBMC na kubadilishwa jina mwaka 2014. Unaweza kuuendesha hata kutoka kwenye flashi. Hakuna nywila wala eneo-kazi; mashine inageuka kuwa boksi. Ukishafika hapo, mtu ana haki ya kuuliza kwa nini hukununua boksi tangu mwanzo.

Wakongwe mnaikumbuka WD TV Live ya Western Digital, kile kiboksi cheusi ulichochomeka diski kikacheza karibu kila ulichokipa bila kuomba intaneti. Hakitengenezwi tena, na mpaka leo sijaona kilichokipita kwa urahisi.

Boksi nalo lina mitego yake, na wa kwanza ni usalama. Januari 2023 mtaalamu Daniel Milisic alionyesha kwamba boksi la T95 alilolinunua mtandaoni lilikuja na programu hasidi tangu kiwandani. Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani vilivyoambukizwa, vikiwemo maboksi ya Android ya bei ya chini, vinavyowapa wahalifu njia ya kupitia intaneti yako. Ukilifuta na kulirudisha lilivyotoka kiwandani haisaidii, kwa sababu uchafu umo ndani ya mfumo wenyewe. Nawaomba sana muache kuyaweka kwenye Wi-Fi ileile mnayofanyia miamala ya benki.

Kulitambua si vigumu. Boksi lililoidhinishwa na Google linaendesha Android TV au Google TV, lenye sura ya TV yenye safu za picha kubwa. Lile la mashaka mara nyingi ni Android ya simu iliyovalishwa ngozi, na Play Store yake ni ile ya simu au haipo kabisa. Likitangazwa kwamba lina "chaneli zote bure", liache palepale.

Idhini hiyo inagusa pia ubora wa picha mtandaoni. Netflix na wenzake hukagua kiwango cha Widevine, mfumo wa Google wa kulinda video zisinakiliwe. Kifaa kisicho na L1, yaani kiwango cha juu kabisa, kinapewa picha hafifu isiyofika hata HD, hata kama boksi limeandikwa 8K kwenye karatasi. Kwenye kompyuta nayo Netflix ya 4K ina masharti yake: Windows, Edge au programu yao, prosesa ya kizazi cha 7 au mpya zaidi, na skrini yenye HDCP 2.2, ulinzi dhidi ya kunakili unaopita kwenye waya wa HDMI. LibreELEC haina Netflix rasmi. Wewe mwenye bando la wastani hili halitakuumiza leo, lakini watoto wanakua na fiba inasogea mitaani.

Sauti sasa, kwa sababu kuna malalamiko ya "picha ipo, sauti hakuna" kila wiki. Mara nyingi faili lina sauti ya DTS, aina ya sauti inayowekwa kwenye filamu. TV nyingi haziifungui. Samsung waliiondoa kwenye TV zao kuanzia za 2018, LG kwenye za 2020 kabla ya kuirudisha baadaye. Kodi au VLC, iwe ndani ya boksi au kompyuta, inaifungua yenyewe na kuitoa kama sauti ya kawaida ya stereo, nayo inapita kwenye TV hadi kwenye sabufa yako bila shida. Mwenye risiva kubwa ya Dolby Atmos, ile sauti ya kuzunguka chumba, ana mahitaji tofauti. Yeye aangalie kifaa kinachopitisha sauti ghafi bila kuigusa, kama Nvidia Shield TV Pro.

Diski yako ndiyo itakayokuamulia ni boksi gani. Vile vya umbo la kijiti hukosa tundu la USB la kawaida, na Chromecast zenye Google TV zina tundu moja tu la USB-C, hilohilo la umeme. Tafuta lenye USB ya kawaida, mfano Xiaomi TV Box S. Halafu angalia mfumo wa diski. Maboksi mengine hayasomi NTFS, mfumo wa kawaida wa diski za Windows, na FAT32, mfumo wa zamani zaidi, haipokei faili linalozidi GB 4, kwa hiyo video ndefu ya harusi haiingii. LibreELEC inasoma vyote, na hapo kompyuta inashinda waziwazi. Diski ya inchi 2.5 isiyo na umeme wake pia inanyonya sana, ilhali USB 2.0 inaahidi miliampia 500 tu. Ukisikia inagonga tik-tik na kupotea, ongeza habu yenye chaja yake.

Umeme uhesabu mwenyewe. Kompyuta kubwa ya mezani inayokula wati 50, ikiwaka saa 5 kwa siku, inamaliza uniti 7.5 za Luku kwa mwezi. Ndogo ya wati 15 ni uniti 2.25. Boksi la wati 5 ni 0.75. Kwa aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lisilotakiwa kuvuka uniti 75 kwa mwezi, hizo 7 si kidogo. Umeme ukikatika ghafla boksi linarudi lenyewe, kompyuta haipendi kabisa.

Nani basi anunue kompyuta? Mwenye kanda za zamani za VHS au MiniDV anazotaka kuzihamishia kwenye diski. Mwenye watoto watakaoitumia mchana kwa masomo. Na mwenye vyumba vitatu vyenye TV: huyo aweke kompyuta pembeni na Jellyfin ndani yake, programu ya bure ya kugawa video kwa vifaa vya nyumbani, kisha kila TV ipate boksi linalovuta video kupitia Wi-Fi ya nyumbani bila kugusa bando. Ndivyo nilivyoishia mimi. Kompyuta iko chumbani, boksi liko sebuleni.

Chenji itakayobaki baada ya boksi, anza kudunduliza diski ya pili. Hukusema kama video za harusi zina nakala kwingine. Kama hazina, hiyo ndiyo haja kubwa kuliko zote ulizoandika, kwa sababu diski za kuzunguka hufa bila taarifa.

Dukani nenda na diski yako mkononi. Chagua faili zito kuliko yote, moja la HEVC na moja lenye sauti ya DTS, uombe lichezwe mbele yako kwa dakika kumi, urushe mbele na kurudisha nyuma, uwashe maandishi ya tafsiri. Fungua mipangilio ya Play Store uone kama kifaa kimeandikwa kuwa kimeidhinishwa. Muuzaji akikataa kuchomeka diski, nenda duka la jirani.