Nilivyouguza mshono huku kila mtu akiniambia nijikaze

Usiku wa kwanza baada ya upasuaji nilikohoa mara moja, nikaapa sitakohoa tena. Nilihisi tumbo limepasuka upya. Nilikuwa nimetolewa uvimbe 7 kwenye kizazi, mkubwa wao kama chungwa, na mshono ulishuka kutoka chini ya kitovu. Nesi alipopita kuuliza kama naumwa, nikamjibu, "Kidogo tu, sista." Ndivyo nilivyolelewa. Mwanamke hujikaza.

Asubuhi akaja nesi mwingine, mama mtu mzima, akanikuta nimelala kama gogo, napumua juu juu. Hata pole hakunipa. "Ukiogopa kukohoa, makohozi yatakaa kifuani upate nimonia. Ukiogopa kutembea, damu itaganda miguuni. Sasa unamficha nani?" Akanichoma sindano ya maumivu, akaniacha kama nusu saa, akarudi na mto. Akanionyesha namna ya kuukumbatia tumboni kwa nguvu kabla ya kukohoa. Kisha akanigeuza ubavu, akanisukuma mgongoni nikaketi, akanishusha kitandani. Tulitembea hatua nane hadi dirishani. Nilijikunja kama bibi kizee, lakini nilifika.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na neno "jikaze". Waliopita njia hii wanajua linavyotolewa bure, na anayelitoa kwa kawaida hana mshono. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kwa mtu aliyetoka kutolewa uvimbe wa kizazi sikuona la kuongeza.

Kwa hiyo dawa nilimeza kwa saa, sikungoja maumivu yapande. Ukisubiri mpaka unalia, dawa nayo inachukua muda wake kufanya kazi, na huo muda utauhesabu dakika kwa dakika. Niliandikiwa paracetamol vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6. Simu ililia saa kumi na mbili na saa sita, mchana na usiku. Vidonge 8 kwa siku ndio mwisho. Angalia pia dawa za mafua, nyingi zina paracetamol hiyo hiyo ndani, unaweza kuzidisha bila kujua. Ile kali, tramadol, ilinisaidia kulala ila ilinifunga choo siku nne. Nawaambia ukweli, siku ya tano nilikumbuka leba. Papai, maji, uji mwepesi, kutembea uani. Na kama bado, mwambie daktari akupe cha kulainisha, usione haya. Wodini kwenyewe kila asubuhi tuliulizwa kama tumeshajamba, mbele za watu, na aliyejibu ndiyo alipongezwa kama amefaulu mtihani. Ndiyo dalili kwamba utumbo umeamka.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe ameshuka kutoka Moshi na mkungu wa ndizi za mtori na sufuria la kuchemshia maji. Alitaka kunikanda. Kwake mwanamke aliyetoka hospitali na tumbo limefungwa ni mzazi tu, na mzazi hukandwa kwa maji ya moto. Sikuthubutu kumwambia "mama, hapana". Nikampigia daktari, nikaweka spika, nikamwacha daktari aseme mwenyewe kwamba kidonda kibichi hakikandwi wala tumbo halikazwi kwa kanga. Mama akaguna, akahamia kwenye mtori. Hapo tulielewana kabisa.

Siku ya tisa mshono ukaanza kulowesha gauni. Maji kwanza, halafu harufu. Jirani mmoja akaniletea vile vidonge vya rangi mbili, nivifungue ninyunyizie unga wake, "kidonda kitakauka kesho". Nilishawishika, nakiri. Usiku joto likapanda, nikatetemeka mpaka kitanda kikalia. Alfajiri tukapanda bajaji, mto tumboni, dereva akipita kila tuta kana kwamba amebeba mayai.

Walikata nyuzi nne, usaha ukatoka. Kisha daktari akasema hawatashona tena. Kidonda kitaachwa wazi, kisafishwe kila siku, kijazwe gozi, kile kitambaa chepesi cha hospitali, na kujifunga chenyewe kutoka chini kuja juu, kwa sababu ukikifunga juu wakati chini kuna uchafu umeufungia ndani. Nililia kwenye kile kiti cha kusafishia vidonda kuliko nilivyolia siku ya upasuaji. Niliona siku zote tisa zimepotea, narudi sifuri.

Nilikuwa na daftari la saa za dawa. Siku hiyo, nikingoja foleni, nikalifungua tu kwa kukosa la kufanya. Siku ya pili: hatua nane, maumivu 9 kati ya 10. Siku ya nane: nimezunguka nyumba mara nne, maumivu 4. Kidonda kilikuwa kimeharibika, ndiyo, lakini miguu haikusahau kutembea na kifua hakikusahau kupumua. Basi nikaendelea kuandika. Usafishaji ulichukua wiki tatu, na nusu saa kabla ya kila safari nilimeza dawa. Siku niliyosahau, nilimng'ang'ania nesi mkono mpaka akanicheka.

Kosa la wiki ya tano ni langu mwenyewe. Nilijisikia mzima, maji yakakatika, nikanyanyua ndoo ya lita 20. Hizo ni kilo 20, na mimi niliambiwa wiki sita nisibebe kizito chochote. Sikupasuka, lakini nililala siku mbili ubavu mmoja. Mwili ulioniokoa na maumivu makali ndio huo huo ulionidanganya. Maumivu yakiondoka, ndani bado kunashonana.

Vidonge vya kuongeza damu nilivimeza kwa juisi ya chungwa badala ya chai, maana chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Vinafanya choo kuwa cheusi. Hakuna aliyeniambia, nikadhani navuja damu ndani.

Kulia bila sababu nako kupo. Kwangu kulikuja wiki ya tatu, jioni, wageni wakishaondoka. Wageni wenyewe wapangiwe saa. Mume wangu alijifunza kuwapokea barazani na kusema "amelala" hata kama nasikia kila neno. Uongo huo namsamehe. Rafiki aliyenisaidia zaidi hakuniambia kitu cha maana hata kimoja. Alikuja, akaosha vyombo, akaenda.

Na kuna ambayo hayangoji kesho wala ushauri wa jirani: homa, kidonda kunuka au kutoa usaha, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi, kifua kubana ghafla au pumzi kukata, damu nyingi ukeni, kutapika kusikokoma. Hapo ni hospitali, usiku huo huo.

Sasa ni mwezi wa saba tangu upasuaji. Mshono umekuwa na kovu pana pale ulipofunguliwa, unawasha nikivaa sketi ya kubana. Ule mto bado uko kwenye kochi. Mume wangu anaulalia akitazama mpira, nami nikikohoa, ananirushia bila kugeuza macho.